Jina Nililiondoa, Cherehani Nikaiacha

Kila Jumatano, kabla ya kuingia darasani, tulinawa mikono. Hiyo ndiyo picha inayonijia kwanza nikiyakumbuka mafunzo yale: vijana tisa wa dini mbalimbali tumepanga foleni mbele ya beseni la bluu, tumekunja mikono ya mashati, na kando yetu mwanamke mnene kiasi, miwani yake imefungwa kwa uzi, anatukagua kucha kama watoto wa chekechea. Nyuma ya nyumba mpishi alikuwa anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na harufu yao ikichanganyika na ya sabuni. Mpaka leo nikisikia sambaza wanakaangwa, najikuta nakunja mikono ya shati.

Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wetu. Hakuwa mchungaji, wala mtawa, wala mke wa mchungaji. Alikuwa muuguzi mstaafu. Siku ya kwanza tulitazamana tukijiuliza muuguzi atatufundisha nini sisi watu wa Mungu, na nadhani alituona, kwa sababu alianza hapo hapo.

"Miaka mingi nimeona bantu bila nguo," alisema, kwa Kiswahili cha upande wa Kongo kinachowaita watu bantu. "Hata bwana yangu sikumuambia nani iko na kovu wapi. Nyinyi mutaona bantu bila nguo kuliko miye. Mikono kwanza, ba pasteur."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona sana. Nilizaliwa Bukavu na kukulia huko, ng'ambo tu ya mto Rusizi, na vita vilipokwisha upande huu wazazi wangu waliniambia ni wakati wa kurudi nyumbani. Nasema kurudi, ingawa sikuwahi kuishi Rwanda hata siku moja. Ndivyo tulivyolelewa kusema. Nilifika Cyangugu na sanduku la bati, Biblia na suruali mbili. Kinyarwanda changu kilichekesha watu sokoni. Kiswahili changu, kwa upande mwingine, kilinipatia kazi, maana kanisa letu la Kamembe lilikuwa limejaa watu waliotoka Kongo, wakiwa na hamu ya kusikia neno kwa lugha waliyoizoea. Nikafanywa mwinjilisti msaidizi. Nilihubiri Jumapili mbili kwa mwezi, na baada ya ibada nilisimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikisubiri kusifiwa.

Mchungaji wetu, ambaye sote tulimwita Mzee ingawa mvi zake zilihesabika, aliniita ofisini kwake.

"Bameleta formation ya bale banaanza kazi ya Mungu," aliniambia. "Ba katolika batatuma muntu, ba islamu batatuma muntu. Siye tutatuma weye."

Nikamwuliza kwa nini mimi. Niliuliza nikiwa nimeshajiandaa kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Juu uko na mudomo," akasema. "Enda bakufundishe kuufunga."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na jina refu la Kifaransa lililoandikwa juu ya karatasi yenye mhuri, nasi tuliyaita Jumatano, basi. Yalikuwa ya mwaka mmoja, juu ya maadili ya kazi kwa vijana wanaoingia katika uongozi wa dini: namna ya kupokea mtu mwenye shida, namna ya kukataa zawadi, la kufanya ukipendwa na muumini wako, la kufanya ukijua kitu ambacho hukupaswa kukijua. Tulikutana katika chumba kilichokuwa zamani duka la vitenge. Rafu zilikuwa bado ukutani, tupu, na tuliweka kofia zetu humo. Dirisha lilitazama ziwa, na ng'ambo ya ziwa ilikuwa Bukavu.

Mimi nilikaa dirishani. Nyumba ya utoto wangu sikuiona, lakini kilima kilichokuwa nyuma yake nilikiona, na hicho kilitosha kunifanya nisisikilize nusu ya somo. Vita vya kwanza vya Kongo vilikuwa vimepita na vya pili vilikuwa vimeanza. Siku nyingine malori ya askari yalipita barabarani kuelekea mpakani, madirisha yakatetemeka, na mwalimu akanyamaza mpaka yapite yote. Siku nyingine mambo yalikuwa shwari, muziki wa rumba ukavuka maji kutoka upande ule, nami nikatamani kulia kwa sababu niliujua wimbo na nilijua ni baa ipi ilikuwa inaupiga.

Katika wale wenzangu nitawataja wawili tu. Mmoja alikuwa mseminari kutoka Nkungu, mrefu, mkimya, mlaji hodari, ambaye kila nilipopata shida katika somo alinikumbusha kwa upole kwamba kanisani kwao mambo hayo yalishawekewa sanduku la kuungamia lenye pazia. Wa pili alikuwa mwalimu wa madrasa kutoka Bugarama. Baba yake alilima mpunga katika bonde lile, kaka yake alifanya kazi kwenye saruji, na yeye alifika kila Jumatano na vumbi jeupe juu ya kofia na mchele kidogo wa kumpa mpishi ndani ya mfuko. Huyo akawa rafiki yangu. Alinitania kwa sababu nilivaa tai hata siku za jua kali, nami nikamtania kwa sababu alilala kila baada ya chakula, ameketi wima, macho nusu wazi, na akiulizwa swali anajibu sawasawa.

Sasa nifike kwa mama mmoja wa kanisani kwetu, maana yeye ndiye ninayemwandikia haya.

Alikuja kanisani kwetu mwaka ule watu wengi walipokuwa wanarudi kutoka Kongo kwa miguu, kupitia misituni. Wengine walirudi na sufuria, wengine na godoro, wengine mikono mitupu. Yeye alirudi na kichwa cha cherehani. Alikuwa amekifunga kitenge na kukibeba kichwani njia yote, na hakuna aliyeelewa jinsi alivyokifikisha. Fundi wa Kamembe akamtengenezea meza na miguu ya chuma, akaanza kushona kwenye baraza moja chini ya soko. Hakuwa na ndugu mjini. Watu hawakujua ametoka wapi hasa, wala hawakuuliza, kwa sababu siku zile kuuliza kulikuwa na uzito wake. Kwenye benchi moja la kanisa letu walikaa waliobaki, waliorudi baada ya miaka mingi, na waliokimbia wakarudi. Kila mmoja alikuwa na kitu asichokisema, na tuliimba pamoja hivyo hivyo.

Siku moja alasiri alinikuta napanga vitabu vya nyimbo. Aliomba nimwombee, kwa sababu usingizi ulikuwa umemkimbia. Nikamkalisha. Badala ya kuomba akaanza kueleza. Alieleza jambo lililompata njiani alipokuwa anatoka Kongo, akieleza polepole huku anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Alipomaliza alisema hajamwambia mtu mwingine yeyote. Tukaomba. Akafuta uso, akaniambia, "Asante, pasta mudogo," akaenda kushona.

Jambo lenyewe sitalieleza hapa. Nililieleza mara moja, na mara hiyo moja ndiyo habari yangu.

Wiki tatu baadaye ilikuwa zamu yangu ya kuhubiri. Nilikuwa na somo juu ya imani, na somo lilikuwa baridi. Nililijua lina ubaridi tangu Alhamisi. Yeyote aliyewahi kuhubiri anaijua hofu hiyo: una vichwa vitatu vya habari, una aya zako, na huna hata kitu kimoja kitakachomfanya mtu anyanyue uso. Jumamosi ndipo nikakumbuka alichoniambia yule mama. Nami nilikuwa mwanafunzi mzuri wa Jumatano. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika, na kupiga mstari chini yake mara mbili: usitaje jina la mtu. Sikutaja. Nilijipongeza kabisa, nikiwa peke yangu chumbani, kwa uadilifu wangu.

"Kuna mama mmoja," niliwaambia Jumapili, "alitoka Kongo kwa miguu na mashini ya kushona juu ya kichwa."

Tulikuwa na mkalimani aliyegeuza mahubiri kuwa Kinyarwanda, sentensi baada ya sentensi. Hapo alisita. Akanigeukia, akanitazama. Mimi nikadhani hajanisikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikionyesha kwa mikono: mashini, ya kushona, juu ya kichwa. Akainamisha uso na kutafsiri. Kisha nikaendelea mpaka mwisho, naye akatafsiri mpaka mwisho, kwa hiyo siri ya yule mama ilisemwa mara mbili kwa lugha mbili, ili asikose mtu. Niliona kinamama wakifuta macho. Nilihisi nguvu. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Mlangoni watu walinipa mikono haraka haraka wakaondoka. Nikafikiri wameguswa. Jumapili iliyofuata nafasi ya yule mama ilikuwa wazi kwenye benchi, nikajiambia labda amekwenda Ruhwa kununua vitambaa vilivyotoka Burundi. Jumapili ya pili nikajiambia hivyo hivyo.

Kwa ujinga wangu, nililipeleka jambo hilo Jumatano kama mfano wa kazi iliyofanywa vizuri. Mwalimu alikuwa ametuuliza nani ametumia mafundisho yake huko makanisani na misikitini. Nikanyosha mkono. Nikaeleza kwamba nilikuwa na habari ya siri yenye mafunzo mengi, nikaihubiri bila kutaja jina, na watu wakabarikiwa. Habari yenyewe sikuirudia, namshukuru Mungu kwa hilo dogo. Nilisema tu jinsi nilivyoanza, na mama mmoja, na mashini juu ya kichwa.

Rafiki yangu wa Bugarama, niliyedhani amelala, akafungua macho.

"Si yule mama anayeshona chini ya soko?" akauliza. "Alinishonea kanzu."

Mwalimu hakunikaripia. Aliwageukia wengine. "Nani mwingine anajua huyu mama?" Mseminari akanyosha mkono taratibu: alikuwa amepeleka kwake suruali ipunguzwe. Dada mmoja shemasi akanyosha. Na mwingine nyuma. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga kanisani kwetu.

Nilitazama dirishani kwa mazoea. Kilima changu kilikuwa pale pale na hakikunisaidia kitu. Nilimkumbuka mkalimani na macho yake, nikaelewa alichokuwa anakitafuta usoni mwangu, nikaona aibu ambayo sijaipata tena maishani.

Baada ya chakula nilimfuata mwalimu kwenye beseni, alipokuwa anasuuza vikombe. Nilimwambia Jumapili ijayo nitasimama mbele ya kanisa zima na kuomba msamaha.

"Utamuonyesha mara ya pili?" aliniuliza.

Akanipa kikombe nikifute.

"Enda kwake. Usibebe Biblia. Ukifika, sema ile ulifanya, kisha nyamaza. Sikia, kunyamaza njo kazi. Nyinyi munafikiri kazi ni kusema."

Nilikwenda kesho yake. Alikuwa anashona sare ya shule, kitambaa cha bluu, na aliponiona hakusimamisha mguu. Nikasimama mbele ya baraza na tai yangu. Nikasema nilichofanya. Nilikuwa nimeambiwa ninyamaze baada ya hapo, lakini mdomo wangu ndio ule ule, nikaongeza kwamba jina lake sikulitaja hata kidogo.

Akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Jina yangu hapa, nani anaijua?" alisema. "Banajua mashini."

Ilikuwa kweli. Hata mimi niliyemwombea, nilikuwa sijui jina lake. Mji mzima ulimwita Maman Mashini.

"Pasta mudogo," akaendelea, bila ukali wowote, "mi nilikuambia weye. Sikuambia kanisa."

Kisha akanieleza yaliyofuata, kwa sababu alitaka nijue. Kinamama wa bombani walinyamaza kila alipofika na ndoo yake. Mteja mmoja alichukua nguo yake kabla haijaisha, akasema haina haraka tena. Na jirani mmoja, mwenye moyo mzuri, alimletea sukari imefungwa kwenye karatasi, akamshika mkono kwa muda mrefu na kumwambia pole. Ile sukari, alisema, ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Alikuja Cyangugu awe fundi wa kushona, si mtu wa kupewa pole. Sasa angehamia Rwimbogo, kwa shemeji yake, ambako watu ni wakulima na hawamjui.

Siku aliyohama nilikwenda asubuhi kumsaidia. Sikuombwa. Nilibeba meza na miguu ya chuma mpaka mahali magari yanapopakia, nikipita katikati ya soko, watu wananiona, na walionisikia Jumapili ile walijua vizuri ninachobeba na kwa nini. Kichwa cha cherehani hakuniruhusu kukigusa. Alikifunga kitenge mwenyewe, akajitwisha, akaenda mbele yangu vile vile alivyokuja kutoka Kongo. Pickup ilipoondoka hakugeuka. Nilisimama pale mpaka dereva mwingine akaniuliza kama ninasafiri.

Darasani mambo yalibadilika. Mwalimu alianzisha zoezi ambalo halikuwa kwenye karatasi yenye mhuri. Kila Jumatano mmoja wetu alileta kisa cha kweli kutoka kazini kwake, amekivua kila alichofikiri ni lazima akivue, na wengine tulitafuta mtu mwenyewe ni nani. Tukimpata, msimuliaji ameshindwa na anaosha vyombo vya mpishi. Kumbe ni kazi ngumu. Rafiki yangu alileta kisa cha mkulima wa mpunga mwenye ugomvi na wakwe, akaficha kijiji, umri na idadi ya watoto, akasahau kuficha kwamba mtu huyo alikuwa na pikipiki nyekundu. Alipotamka hiyo pikipiki, mseminari wa Nkungu, ambaye Bugarama alipita mara moja tu maishani, alimtaja. Tulicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia. Mseminari naye alishindwa kwa sababu ya mbwa aliyesahau kumwondoa katika kisa. Mimi niliosha vyombo mara nne. Wiki hadi wiki tukaanza kuona kwamba ukimvua mtu kila kitu kinachomtambulisha, kisa nacho kinakwisha, hakifai tena mimbarini. Mwalimu alituacha tukae na ugumu huo. Hakuwahi kututatulia.

Siku ya mwisho alikusanya madaftari yetu, akachana kurasa zote za visa, moja moja, akampa mpishi awashie moto. Sambaza wa siku ile walikaangwa kwa siri za watu wa Cyangugu, na walikuwa watamu. Kisha akatupa vyeti, akatukagua kucha kwa mara ya mwisho, akatuambia twende.

Ninaikumbuka ile nyumba kuliko hata kanisa nililobatiziwa. Siku hizi ni duka la simu, na rafu zile zile zina kava za simu za rangi. Mwalimu alifariki, nikahudhuria mazishi, na wauguzi vijana waliobeba maua hawakujua kwa nini wanaume wazima, mmoja na kanzu, mmoja na kola ya upadri, walikuwa wanatafuta maji ya kunawa kabla ya kusogea kaburini. Mseminari ni padri mbali kidogo. Rafiki yangu ni sheikh huko Bugarama, na tunapigiana simu kila Idi na kila Noeli, kila mmoja akimtania mwenzake kwa unene wake.

Mimi nilihubiri kwa zaidi ya miaka ishirini bila kusimulia habari ya mtu yeyote aliye hai. Waumini walisema mahubiri yangu ni makavu. Walikuwa sahihi. Nilivumilia, ingawa nilikuwa napenda sana kusifiwa, na bado napenda.

Nilipopita miaka hamsini nikaanza kuandika haya. Nilimsomea rafiki yangu kurasa za mwanzo kwenye simu. Alisikiliza, nikafurahi kwamba yuko macho.

"Umemwuliza mwenyewe?" akasema.

Sikuwa nimemwuliza. Baada ya yote yale, sikuwa nimemwuliza. Nilikata simu nimejikasirikia, na wiki ile ile nikachukua basi kwenda Rwimbogo na kurasa ndani ya bahasha.

Nilimkuta kwenye baraza pana yenye bati jipya. Amezeeka, miguu imevimba kidogo, lakini mgongo wake umenyooka. Kuzunguka kwake kulikuwa na wanawake saba, kila mmoja na cherehani yake, kelele tupu. Alinitambua kabla sijasema neno. Aliwaambia waende kula, akanionyesha kiti.

"Pasta mudogo amezeeka," alisema.

"Ndiyo, Maman."

Nilimwambia nimeandika, na kwamba nisingemwonyesha mtu kabla yake. Akasema nisome. Nilisoma kila kitu, mpaka ile habari ya sukari. Yeye alikuwa anatarizi ukosi wa nguo ya mtoto na hakunyanyua uso. Nilipofika mahali ambapo siri yake ingepaswa kuwa, alisimamisha sindano, akasubiri. Nikasoma sentensi inayofuata.

"Soma tena pale," akasema. Nikasoma tena. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaendelea kutarizi.

Kisha akaanza kunirekebisha kama nguo iliyokaa vibaya mabegani. Hili ondoa. Hili badilisha. Yule hakuwa shemeji, lakini mwache awe shemeji. "Na weka Rwimbogo," alisema. "Si hapa tuko, lakini weka Rwimbogo." Kwa hiyo, msomaji, mahali tulipokaa siku hiyo hapaitwi hivyo, na basi nililopanda halikwenda huko. Jina hilo amelichagua yeye, nami nimeliweka mwanzo hadi mwisho, kila alipotaka.

Nikamwambia jambo moja bado linanisumbua, nalo ni cherehani. Ndiyo iliyomtaja mara ya kwanza. Nilikuwa tayari kuigeuza, iwe jembe, iwe redio, iwe chochote.

Alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akanyosha mkono kuelekea cherehani saba zilizokuwa zinasubiri wenyewe warudi kutoka kula.

"Hawa bote ni miye niliwafundisha," alisema. "Na bengine kule chini, na bengine karibu na Ruhwa. Sasa mashini iko mingi. Wacha mashini. Bataniona wapi?"

Nikaiacha.

Nilifikiri tumemaliza, nikaanza kukunja karatasi zangu. Akaniambia nikae. Alivuta droo ndogo ya cherehani yake, ile ya sindano na bobini, akaniambia niweke kalamu humo. Nikaiweka. Akaifunga. Kwenye kona ya baraza palikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Nilikwenda kunawa mikono, nikarudi kwenye kiti, na yeye akalaza nguo ya mtoto mapajani akaanza kusema. Alisema mpaka wanawake wakaanza kurudi. Sikutia neno hata moja.

Kalamu niliisahau kwenye droo. Mistari hii ya mwisho nimeiandika kwa nyingine.